Kisu cha Adeer Bare

Watu hupenda kusema kwamba mtoto hana dhambi. Wakianza mazungumzo hayo mimi huinuka nikaenda jikoni kutafuta kijiko ambacho hakijapotea. Nimelea wawili, nimefundisha watoto kanisani, na bado siamini. Mtoto anajua vizuri anachofanya yeye. Asichojua ni kile ambacho watu wazima wanafanya mbele yake, na hapo ndipo balaa huanzia.

Wiki iliyopita mfereji wetu ulitoa maji ya matope. Siku hizi ninakaa Thika, ghorofa ya tatu, na mvua kubwa ikinyesha milimani huwa tunapata maji mekundu siku mbili tatu. Nilikuwa nataka kuosha mboga. Harufu ikapanda kutoka kwenye sinki, udongo mzito na majani yaliyooza, nikafunga mfereji na kukaa sakafuni, mtu mzima mwenye kazi na familia. Mume wangu akaja kuuliza kama nimeteleza. Nikamwambia ndiyo, nimeteleza. Ile ilikuwa harufu ya mto Tana unapojaa, na mimi naijua kuliko ninavyoijua harufu ya nyumba yangu.

Tulikuwa tukikaa Waberi, mjini Garissa, katika nyumba ya vyumba viwili yenye mabati yaliyoalika kila adhuhuri kwa joto. Mama alikuwa mwalimu, aliyetumwa huko na serikali kutoka kwetu Mwingi. Baba alibaki na shamba. Watoto tulikuwa wawili: kaka yangu Mutua, wa miaka kumi na miwili, na mimi Mwende, wa minane. Mama alikuwa na sheria chache na ya kwanza ilikuwa mto. Hakuna kwenda mtoni. Kuna mamba, kuna viboko, kuna mkondo unaobeba ng'ombe mzima. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, alituambia mara nyingi hata methali ikatuzoea. Lakini Mama alifundisha darasa la nane mpaka jioni, na saa tisa alasiri Garissa hakuna mahali pa kuweka mwili wako. Hatukuivunja ile sheria kwa ujeuri. Tuliivunja kwa joto.

Njia tulionyeshwa na Hodan, msichana wa jirani, rika langu. Tulipita katikati ya miti ya mathenge iliyotuchana miguu, tukapita mashamba ya ndizi na tikitimaji, kisha tukashuka malka, yaani pale ambapo ukingo umelainishwa na kwato na wafugaji huleta mifugo kunywa maji. Miezi ya kiangazi, ami yake Hodan alikuwa akija na mbuzi wake kutoka upande wa Habaswein, akakaa karibu na mto mpaka mvua zirudi. Aliitwa Bare. Hodan alimwita Adeer, baba mkubwa, na sisi pia tukamwita hivyo. Alikuwa mrefu, mwembamba, ndevu amezipaka hina, na Kiswahili chake kilikuwa kidogo na cha kazi tu, cha sokoni na cha kuwafukuza watoto.

Adeer Bare alikuwa na kisu kidogo cha kukunja. Ningekiita kisu cha mfukoni, ila yeye hakuwa na mfuko. Alivaa kikoi, na kisu alikifunga kwa ukanda wa ngozi kwenye mkono, juu ya kiwiko. Mpini wake ulikuwa wa pembe, umezungushiwa waya mahali ulipopasuka. Kilichonishangaza ni kwamba hakukivua hata akioga. Alivua shati, akavua kofia, akavua saa, akaingia mtoni na kisu chake mkononi. Mutua akaniambia kwamba ni cha kumtoboa mamba jicho. Nikaridhika. Kwa wiki kadhaa nilimtazama Adeer kwa heshima kubwa, nikisubiri mamba.

Mamba hakuja. Alikuja mbuzi, mwenye doa jeusi usoni, aliyeteleza kwenye ukingo na kuingia kwenye maji ya kina. Mkondo ukampeleka mpaka kwenye mizizi ya mkoma, akabanwa pale, kichwa kikizama na kuibuka. Adeer aliingia mbio, akamvuta kwa pembe, akamlaza kwenye mchanga. Tumbo la mbuzi lilikuwa limejaa maji na macho yalikuwa yameanza kugeuka. Mimi nilidhani atamkanda atapike. Adeer akakifungua kisu kwa meno, akamgeuza mbuzi kuelekea kibla, akasema bismillahi, akamkata koo. Yote hayo yalichukua muda mfupi kuliko ninaouchukua kuyaandika. Damu ikatembea kwenye mchanga ikaingia majini, na Adeer akapumua kama mtu aliyewahi basi.

"Kwa nini amemuua?" nilimuuliza Hodan. "Si alikuwa amemtoa?"

Hodan alinitazama kwa huruma, jinsi alivyonitazama siku nilipoulizwa kibla kiko wapi nikaonyesha duka. "Hajaua. Ilikuwa inakufa yenyewe. Lasima ikatwe kabla roho haijatoka. Roho ikitoka yenyewe hiyo ni bakhti, haramu, hakuna mtu anakula. Ndio Adeer hatoi kisu hata kwa maji."

Kwetu Mwingi kuku akifa kwa kideri huliwa, na supu yake ikagombaniwa. Jambo la kuwahi roho lilikuwa geni kabisa kwangu. Nikamuuliza kama ni mbuzi tu.

"Kila kitu iko na roho," Hodan akasema, akiguguna koma, tunda la mkoma. "Adeer hawachi kitu ikufe bure."

Hapo ndipo ningeuliza tena. Neno moja tu, "Na watu?", na Hodan angecheka mpaka adondoshe koma yake, na mimi leo ningekuwa na kaka mwenye kitambi. Sikuuliza. Nilikuwa mtoto niliyependa kuonekana ninaelewa, na nilielewa. Mtu ana roho. Mama alitufundisha hivyo kila tulipopiga magoti. Mtu anaweza kuzama. Adeer Bare haachi kitu kife bure. Na kaka yangu alikuwa akiogelea kila siku mbele ya macho yake.

Kuanzia siku hiyo kila alichofanya yule mzee kilikuwa ushahidi. Mutua alikuwa amejifunza kuogelea kwa miezi miwili na amekuwa na maringo yasiyo na kifani. Alikwenda mbali, akapiga mbizi, akakaa chini kututisha. Na kila alipozama, Adeer alisimama. Aliacha mbuzi wake, akasogea ukingoni, na mkono wake wa kushoto ukapanda juu ya kiwiko cha kulia kugusa kisu. Mutua akiibuka, Adeer aliushusha mkono, akaketi. Niliona hilo mara nyingi. Kugusa, kusubiri, kuketi. Jioni moja alikuwa akikinoa kisu kwenye jiwe bapa huku akimtazama Mutua majini, akasema kwa Kiswahili, labda ili nisikie, "Huyu mtoto, mto itamkula siku moja." Alisema bila hasira. Aliendelea kunoa.

Siku nyingine alimshika Mutua ukosi alipotoka majini. Vidole vyake virefu vilimzunguka kaka yangu shingo. "Wewe. Usikamate ile kamba ya bamba. Umesikia? Kamba mbaya." Alikuwa akizungumzia kamba ya pampu. Mwenye shamba jirani alikuwa na pampu ya dizeli ya kuvuta maji, na bomba lake lililoingia mtoni lilifungwa kwenye gogo linaloelea, na gogo likafungwa kwa kamba ya nailoni kwenye mkoma ukingoni. Mutua alipenda kuishika ile kamba na kuacha mkondo umpeperushe. Nilisikia maneno ya Adeer, yote, ila macho yangu yalikuwa kwenye vidole vile na shingo ile. Nilifikiri anaipima.

Mnaweza kuuliza kwa nini sikumwambia Mama. Ningemwambia nini? Kwamba mtoni kuna mtu, na mtoni ni wapi, na nani kakupeleka. Mutua mwenyewe nilimwambia kwa mzunguko, nikamwomba tuache kwenda. Akaniambia ninaogopa maji na kwamba ni heri nibaki nyumbani nisuke mwanasesere. Basi nikaona kwamba kaka yangu ana mlinzi mmoja tu duniani, na mlinzi huyo ni mimi.

Adeer alikivua kisu wakati mmoja tu, akichukua udhu. Alipandisha mikono ya shati, akavua ukanda ili maji yafike kiwikoni na kupita, akaweka kisu juu ya ndara zake pamoja na kofia na saa. Kisha akainama majini. Alasiri moja Hodan alikuwa amefuata mbuzi kwenye vichaka na Mutua alikuwa katikati ya mto. Nilipita karibu na zile ndara nikainama kana kwamba ninafunga kiatu. Kilikuwa chepesi kuliko nilivyotarajia. Nikakisukumia kwenye kaptura niliyovaa ndani ya sare, mpira ukakibana juu ya nyonga, na ukanda nikaukunja humo humo. Kisha, ili nionekane sina hatia, nikaingia majini hadi magotini na kuanza kutafuta kokoto. Chuma kilikuwa baridi kwenye ngozi kwa muda, halafu kikapata joto langu na nikaacha kukihisi. Nilijivuna, niseme ukweli. Sijawahi kujivuna vile tena, hata siku ya harusi.

Alipomaliza kuswali alitafuta. Alitikisa kofia, akaokota ndara moja moja, akapekua mchanga kwa vidole, akarudi alikochukua udhu akapapasa majini. Hakupiga kelele. Kesho yake ndipo alipotuuliza, sote watatu tumesimama mbele yake. "Nani ameona kisu yangu?" Mutua akasema hajaona, na kweli hakuwa ameona. Mimi nikasema, "Sijaona, wallahi," neno nililojifunza kwa Hodan na nililopenda ladha yake.

Adeer akanitazama kwa muda. "Wallahi ni neno kubwa, yaa Mwende," akasema. "Kama mtoto amechukua, arudishe tu. Mimi sichabi mtoto."

Sichapi. Nililigeuza neno hilo kichwani usiku kucha, na nikalielewa kwa namna moja tu: kwamba kuchapa si njia yake.

Siku iliyofuata mbuzi jike mwenye mimba alitumbukia kwenye tope la ukingo na kuvunjika shingo. Adeer alikuwa naye, amempakata, akizungusha macho huku na huku kutafuta chochote chenye makali. Alijaribu kwa kipande cha chupa, kilivunjika. Mbuzi akapiga miguu mara tatu akatulia. Hodan akaanza kulia, kwa sababu yule mbuzi alikuwa wake, alipewa alipozaliwa. Walimburuta mpaka juu ya ukingo wakamwacha, na korongo wale wakubwa wa Garissa wenye vichwa vya upara wakaanza kushuka mmoja mmoja. Nilisimama nikitazama, kisu kikiwa kiunoni mwangu, hatua tano kutoka kwa machozi ya rafiki yangu. Roho iliniuma, na bado nilijiambia kwamba nimefaulu. Kama hawezi kummaliza mbuzi, hawezi kummaliza Mutua. Nilipoinua macho Adeer alikuwa akinitazama mimi, si mbuzi.

Kisha mto ukajaa. Garissa mto hujaa bila wingu angani. Mvua hunyesha huko juu milimani na siku kadhaa baadaye maji hufika kwetu, mekundu, yamebeba matawi na harufu ile niliyoisikia juzi kwenye sinki. Nilimwambia Mutua tusiende. Alikuwa ameshavua shati njiani.

Adeer alikuwa ameinama akichukua udhu, na Hodan alikuwa akirudisha mbuzi nyuma kutoka ukingoni. Mutua aliishika kamba ya pampu kama kawaida yake, akajiachia. Mkondo ukamtandaza juu ya maji, akanicheka, akaniita mwoga. Lakini kamba ilikuwa imelegea chini ya maji na kufanya kitanzi, na kitanzi kilikuwa kimempita mguu juu ya goti. Lile gogo likazunguka, likapata mkondo mkuu, likaondoka. Kamba ikakaza. Nilimwona Mutua akivutwa chini mpaka kidevuni, uso wake bado una kicheko, kisha kicheko kikaisha.

Adeer aliingia na nguo zake zote. Maji yalimfika kifuani. Alimfikia Mutua, akamshika kwapani na kumwinua kichwa juu, na kwa mkono mwingine akapapasa chini kwenye kamba. Nailoni iliyovutwa na mto haifunguki. Hata kidole hakiingii. Kisha nikauona ule mkono ukipanda juu ya kiwiko, pale pale pa siku zote, na kukuta ngozi tupu. Akampigia Hodan kelele kwa Kisomali na Hodan akatimua mbio kuelekea shambani. Halafu akanigeukia. Nilikuwa umbali ambao ungeweza kumrushia mtu embe akalidaka.

"Mwende," akasema. "Kisu. Lete kisu."

Sikujongea. Kaka yangu alikuwa mikononi mwake, ameinuliwa kidevu, koo likiwa wazi. Nilikuwa nimeona namna hiyo ya kushika.

"Mwende. Mimi sina maneno na wewe. Lete tu."

Niliweka kiganja juu ya nyonga, juu ya sare, nikakihisi pale. Nikasema, "Sina." Sauti yangu ilitoka vizuri. Mutua alikuwa akikohoa maji na kuniangalia, na sijui kama alijua ninachokizungumza. Adeer akaniita mara ya tatu, jina tu, taratibu, kama anavyoitwa mtu aliyelala. Nikatikisa kichwa.

Basi akavuta pumzi akazama. Alikaa chini, akaibuka, akamwinua Mutua, akazama tena. Maji yalikuwa yakipanda na sasa Mutua alikuwa akipata hewa kwa pua tu, na Adeer alipozama hakukuwa na wa kumwinua. Mara ya tatu au ya nne yule mzee aliibuka mdomo wake umejaa damu, damu ikishuka kwenye ndevu, na kichwa cha Mutua kilikuwa kimelala begani mwake, na damu ilikuwa kwenye shingo ya kaka yangu. Nikajua imekwisha. Nikajua kwamba amekosa kisu akatumia meno. Nilipanda ukingo nikikimbia, nikajitosa katikati ya mathenge, na miiba ikanishika nguo nikashindwa kwenda mbele wala nyuma.

Kutoka pale niliona Hodan akirudi na mwenye pampu amebeba panga. Yule bwana aliingia majini akanyanyua panga juu. Nilifumba macho. Nilipoyafumbua panga lilikuwa limeshuka mara moja, na kamba imekatika, na gogo linakwenda zake na mto. Kamba tu. Panga lilikata kamba, na hakuna kingine chochote kilichokatwa, na Adeer Bare akatoka majini amembeba Mutua kama anavyobebwa mtoto mchanga, midomo yake mwenyewe imechanika kwa kuguguna nailoni. Wakamlaza kwenye mchanga wakamkanda tumbo na kifua. Maji yakatoka. Walimkanda muda mrefu sana. Kisha Adeer akamnyoosha miguu, akamfumba macho kwa kidole, akamfunika kwa shuka yake.

Mimi nilijua pale pale, nikiwa nimenasa kwenye miiba. Sitaki mtu anifariji kwamba nilikuja kuelewa ukubwani. Niliielewa kazi ya kisu kile wakati ule ule, nikiwa na miaka minane, kwa dakika chache za kuchelewa.

Tulimzika Mutua Mwingi, kwenye shamba la Baba, nyuma ya ghala. Watu waliniuliza niliona nini, nikasema nilikuwa natafuta kokoto. Asubuhi ya mazishi nilikwenda chooni nikakidondosha kisu shimoni, na nikasikia kikigonga ukuta kabla ya kutulia. Nilikuwa nimesafiri nacho kutoka Garissa, kwenye kaptura ile ile, nimekaa nacho kwenye mapaja ya Mama.

Baada ya wiki mbili Mama alirudi Waberi kufunga vyombo, maana alikuwa ameomba uhamisho, na mimi nilikuwa naye. Saa saba mchana tukasikia mbuzi langoni. Alikuwa Adeer Bare, na wazee wawili wa ukoo wake, na mbuzi wanne waliofungwa kamba moja. Kwao mtu akifa mbele yako na mkono wako una sehemu, hungoji kuitwa. Unakwenda na mifugo na wazee, unasema. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia la mlango. Mama alisimama kizingitini, mikono kifuani. Midomo ya Adeer ilikuwa bado na makovu mabichi.

"Mwalimu," akasema, "mtoto ilikuwa mbele yangu. Mimi mtu ya kisu, watu wote wanajua. Siku hiyo sikuwa na kisu. Nimebotesa mwenyewe. Kosa ni yangu, si ya mto."

Nilisubiri jina langu. Nilikuwa nimelishika pazia kwa mikono miwili, na nilikuwa nimeshaamua kwamba akilitaja nitatoka.

"Na huyu msichana," akaendelea, "msimuulise kitu. Ilikuwa mbali. Hakuona."

Mama hakumwuliza chochote. Alimwambia, "Mfugaji bila kisu," kisha akamwambia afunge mbuzi kwenye mti na aende. Wazee wale walinong'onezana. Adeer akafunga mbuzi, akakagua fundo mara mbili ili wasijinyonge, akaondoka. Sikumwona tena maishani mwangu. Mtu mzima alikuwa amesimama juani akasema uongo kwa ajili yangu, mbele ya wazee wake, na kwa watu wake uongo huo ulimgharimu jina. Mimi niliachia pazia nikarudi kupanga vikombe kwenye katoni.

Mama hakumsamehe. Miaka yote hii, kila ikifika sikukuu na kiti kimoja kikawa hakina mtu, atasema, "Mzee anatembea na kisu siku zote za Mungu, siku moja tu ya kuhitajika hana." Baba alikuwa akimtuliza mpaka naye akafariki. Mimi nilikuwa nikiinuka nikaenda jikoni. Nimezoea jikoni.

Mwezi jana Hodan alinipigia simu. Hatukuwahi kupotezana kabisa; ana duka la vitambaa mjini na wajukuu wanakaribia. Akaniambia Adeer ametangulia mbele ya haki, amezikwa huko kwao, alikuwa amezeeka hata hawajui miaka. Nikamwambia innalillahi, kwa sababu ndilo neno nililokuwa nalo. Jumamosi hiyo nilipanda gari nikaenda Mwingi.

Nilimkuta Mama uani akibambua mbaazi. Nikakaa kwenye kigoda kingine nikamsaidia, kisha nikamwambia yule mzee wa Garissa amekufa. Hakunyanyua uso. "Basi," akasema, "Mungu amsamehe."

Ndipo nikamwambia. Sikuanza mbali. Nilisema, kisu nilikuwa nacho mimi, Mama, kiunoni, tangu siku tatu kabla. Nikamwambia kuhusu mbuzi, na roho, na nilivyofikiri. Alikuwa akibambua pole pole, kisha akaacha.

"Alikuita?"

"Aliniita mara tatu."

"Kwa jina."

"Kwa jina langu."

"Na ukasikia."

"Nilisikia, Mama."

Kuku walikuja wakala mbaazi zilizomwagika miguuni pake na hakuwafukuza. Nilingoja anilaani, na ningepokea. Nilingoja pia aniambie kwamba nilikuwa mtoto, na hilo nilikuwa nimejiandaa kulikataa. Mama alitazama upande wa ghala, akasugua kidole gumba kilichoingiwa na weusi wa maganda.

"Alitembea na mbuzi wanne kutoka mtoni mpaka langoni kwangu, saa saba," akasema. "Na sikumpa hata maji."